Kadi ya Vipimo ya 1986

Jumanne, 3 Oktoba 2017

Mgeni dukani leo. Mzungu, mwanamke, mrefu, miaka sabini na ushee, na mgongo umenyooka kama wa msichana. Aliyemleta ni mume wangu, Baba Nokwazi. Zolile huyuhuyu ambaye hakanyagi dukani kwangu saa za kazi, eti mageti ya watu hayajichomelei yenyewe. Leo kaja. Na shati la pasi!

Mgeni anaitwa Gunvor. Mwigizaji wa Sweden, wa jukwaani na wa filamu. Amekuja na wenzake wanne, wataonyesha mchezo kwenye ukumbi mdogo kule Rosettenville, kusini mwa Johannesburg, na wanataka fundi wa mavazi. Baba Nokwazi anasema walifahamiana “kidogo” alipopelekwa kwao kusomea uchomeleaji, miaka ile ya uhamishoni na chama cha kupinga ubaguzi, kabla chama hakijamtuma Morogoro akanikuta mimi.

Kidogo. Nikamkaribisha mama wa watu chai, nikashika sukari. Kabla mgeni hajafungua mdomo, mume wangu kasema: hatumii sukari huyo.

Kazi nimeipokea. Nguo saba.

Alhamisi, 5 Oktoba

Binti yetu Nokwazi kanisomea habari za huyu mama kwenye simu. Nilimwambia ni kwa ajili ya kazi. Kanitazama — huyu mtoto Kiswahili hasemi, lakini anakisikia chote, hata nisichosema.

Basi. Gunvor aliingia chuo cha uigizaji akiwa na miaka kumi na tisa. Jukwaa moja kubwa miaka na miaka: malkia, vichaa, wajane. Filamu kumi na moja. Kisha televisheni, mkuu wa polisi, misimu tisa! Kwao hata watoto wanamjua kwa lile koti la mvua. Ndoa mbili, zote na waongozaji wa michezo, zote zimekufa. Alipofika sitini, simu zikaacha kuita. Nokwazi anasema ndivyo inavyowakuta wote: wanaume wakizeeka wanapewa ufalme, wanawake wanapewa bibi wa kufa dakika ya kumi. Kwa hiyo huyu kajiandikia mchezo mwenyewe, juu ya maisha yake.

Nilimwonea huruma, kweli. Mpaka Nokwazi akafika kwenye mstari mmoja: aliacha jukwaa kubwa akazunguka na kikundi kidogo, viwandani na mashuleni, 1984 mpaka 1987.

Baba Nokwazi alikuwa Sweden 1984 mpaka 1987.

Nimeandika tu.

Jumatatu, 9 Oktoba

Nimeshona mshono mmoja mara tatu.

Gunvor kaniletea kadi ngumu, imekuwa ya manjano kwa uzee, wino wa bluu. Anasema kwao chumba cha mavazi hutunza kadi ya vipimo ya kila mwigizaji, na haitupwi hata mtu akiondoka. Nimshonee suti ya mwanaume. Mwigizaji mwenyewe “atafika baadaye”. Jina limefunikwa na kipande cha utepe wa gundi. Vipimo ni vya mwaka 1986. Mwenyewe siku hizi kanenepa, niongeze kiunoni sentimita kumi na nne.

Nikasema sawa. Akaondoka. Nikasoma.

Kifua, kiuno, mguu — vya kijana yeyote mwembamba. Halafu: bega la kushoto, chini sentimita mbili. Mkono wa kulia, zaidi moja na nusu.

Miaka ishirini na nane namshonea mwanaume mmoja. Kila koti lake naweka pedi nene begani kushoto ili watu wasione. Kila shati namrefushia mkono wa kulia. Wanaume wangapi wa Mungu wameumbwa hivyo, na wote wakapita Sweden mwaka huo?

Gundi nimeibandua kwa mvuke wa pasi. Z. M., herufi za mume wangu. Sikushtuka hata. Nimeirudishia ilivyokuwa.

Jioni nikamuuliza, kule Sweden mlikuwa mnashonewa nguo? Akajibu: ovaroli tu, Mama Nokwazi, ovaroli za bluu. Akaomba chumvi. Nikampa. Akasema asante. Yeye ni mtu wa asante, hata kwa maji ya kunawa.

Jumamosi, 14 Oktoba

Suti nimeipeleka mwenyewe Rosettenville. Leo walikuwa wanajaribu mchezo wote mbele ya watu wachache. Sikualikwa. Nikapita mlango wa nyuma, nguo begani. Fundi nani anamzuia?

Na pale nyuma ya pazia — nimeona kwa macho yangu. Gunvor kasimama na mume wangu. Kamshika mabega. Akamtemea mate juu ya bega, tu, tu, tu. Mara tatu! Halafu akamzungusha na kumpiga teke matakoni. Na yeye? Katulia. Hakucheka, hakushangaa. Hakusema hata asante, yeye wa asante!

Nikaning'iniza suti kwenye msumari nikatoka. Sijui nimepanda teksi ipi.

Jumapili, 15 Oktoba

Kanisani nilimwambia Hélène, wa saluni ya pembeni ya duka langu. Nilijua nisimwambie. Mkongo wa Lubumbashi yule, hana sauti ndogo. “Mama Nokwazi! Anatemea bwana yako mate, anamupiga teke, na bwana ananyamaza? Ile ni bulozi! Bamemufunga!” Anataka tufunge chakula siku tatu. Anataka nilete shati lake liombewe.

Mimi na akili zangu nimelipeleka. Shati la bluu. Wameliwekea mikono wanawake sita. Baba Nokwazi kalitafuta alasiri nzima, nikamwambia liko kwenye maji.

Jumanne, 17 Oktoba

Uchawi hakuna. Afadhali ungekuwepo.

Nilikwenda kupunguza gauni la Gunvor, nikamkuta Torsten, yule mwigizaji mwenzake mwenye upara, yuko peke yake anakula chapati. Nikamuuliza kuhusu mate. Kacheka mpaka chapati ikamwendea puani. Anasema ni desturi yao waigizaji kabla ya kupanda jukwaani: unamtemea mwenzio juu ya bega, unampa teke, ni baraka. Na anayebarikiwa asiseme asante kabisa, akisema ataharibu. Wageni wote hukosea hapo, wanashukuru.

Mume wangu hakukosea.

Sikurudi dukani. Nimekwenda moja kwa moja kibandani kwake, saa saba mchana, cheche zinaruka. Nikamwambia, zima hiyo. Akazima.

Kasema yote. Au kasema anayotaka kusema. Chuo cha uchomeleaji alikaa miezi sita tu. Kikundi cha Gunvor kilikuja kuigiza kwenye bwalo la chuo, walipungukiwa mtu, akapanda. Hakushuka. Miaka mitatu anaigiza, kwa Kiswidi! Gazeti liliandika jina lake. Kisha wakubwa wa chama wakajua: wamemtuma ufundi, yeye anachekesha Wazungu? Wakampa kuchagua, arudi Afrika au afutwe. Ndipo akaja Morogoro. Uchomeleaji kajifunza kwetu, kwa fundi Polycarp, ninayemjua! Na mimi miaka yote nawasimulia watu cheti cha Sweden.

“Niliona aibu, Beatha. Comrades wa chama waliniita mtoro.”

Nikamwambia, aibu ya chama nimeielewa. Sasa na Gunvor?

“Tuliigiza mke na mume.”

Kila siku?

“Kila siku. Miaka mitatu.”

Na pazia likishafungwa?

Akavaa ile kofia yake ya chuma. Akarudi kuchomelea geti.

Jumatano, 18 Oktoba

Hatusemeshani. Nokwazi amejua. Kafurahi! Eish Ma, Daddy was an actor? Anamtafutia picha za zamani kwenye mtandao. Wanacheka wawili jikoni.

Ijumaa, 20 Oktoba

Nimekwenda kwenye onyesho. Nilijiambia nakwenda kuangalia mishono.

Suti imemkaa Baba Nokwazi. Bega halionekani. Anaigiza dakika ishirini tu: kijana aliyewahi kumpenda yule mwigizaji, karudi mzee. Wanaongea Kiswidi, maneno ya Kiingereza yanapita ukutani. Sikuyasoma. Nilikuwa namtazama. Anatembea tofauti. Anacheka kwa kichwa nyuma, meno yote nje — mimi meno yale ya nyuma nayajua kwa daktari tu. Watu walisimama kumpigia makofi. Mume wangu anajua kazi. Ndicho kilichonichoma. Angekuwa mbovu ningemsamehe palepale.

Baadaye Gunvor akanijia, jasho linamtoka, akanishika mikono yote miwili. Kaniambia kwa Kiingereza: umemtunza vizuri.

Nimemtunza kwa ajili ya nani? Vitu vya watu ndivyo vinavyotunzwa!

Nikasema thank you.

Jumapili, 22 Oktoba

Nokwazi kaniletea habari, kwa upole, kama mtu anayebeba uji wa moto. Kikundi kitazunguka na mchezo huu kwao kuanzia Januari. Miji tisa. Wanamtaka Daddy. Alimwuliza babake, kajibu bado anafikiri.

Kwangu hajasema neno. Kaniambia kuku leo ni mtamu. Asante, Mama Nokwazi.

Miaka yote nimeogopa atafukuzwa, atakamatwa, atapigwa risasi kibandani kwa ajili ya mashine. Sikuwahi kuogopa kwamba ataondoka akiwa na furaha.

Jumatatu, 23 Oktoba

Jua kali tangu asubuhi. Hélène kamwaga maji mlangoni kutuliza vumbi. Saa nne Baba Nokwazi kaingia dukani na mfuko. Kaweka mezani kitambaa cha sufu, kizito, rangi ya mkaa. Anaomba koti refu, mpaka magotini. Na bitana mbili.

Nikamuuliza, bitana mbili, Johannesburg, mwezi huu?

Akasema baridi huja.

Nikamuuliza tena, polepole, maana nilitaka ajibu vizuri: ni koti moja, Baba Nokwazi, au na la mwanamke?

Akageuka akaitazama robot, ile taa ya magari ya pale kona. Ikawa nyekundu, ikawa kijani, magari yakapita. Akasema mteja wa geti anamsubiri. Akatoka.

Nimekikunjua kitambaa, nimekipima mara mbili. Mita tatu kasoro kidogo. Kwa kimo chake hata nikibana vipi, kinatoka koti moja, langu halimo.

Simu inaita. Ni yeye. Sijui anaulizia koti au ananijibu —