Habari za Molise Ulizoniagiza

Shoga yangu Zawadi,

Nimerudi. Ulitaka nije nikusimulie kila kitu, basi kaa usikie, ingawa nina hasira nawe na sijui itaisha lini.

Molise nimefika. Marehemu yule bibi wa Kiitaliano tuliyekuwa tukimtunza kwa zamu hakutudanganya. Unakumbuka wanawe walivyomtania kwamba mkoa wake haupo, kwamba hata Waitaliano wenyewe hawaujui? Upo. Ni vilima baada ya vilima, kila kilima na kijiji chake, na nyumba nyingi zimefungwa kwa sababu wenyewe walishahamia huku Toronto. Kuna njia pana za majani ambazo tangu zamani wachungaji huteremshia kondoo kutoka milimani. Nilitembea kwenye moja asubuhi nzima bila kukutana na mtu. Wewe kimya kile kingekushinda, ungeanza kuimba mapambio yako.

Chakula sasa. Jibini wanazifunga kamba mbili mbili na kuzitundika darini kama vibuyu. Nilikula na mkate na maharage, nikashiba. Nyama niliiacha, unanijua. Na ule mvinyo mwekundu uliokuwa ukiuota unaitwa tintilia. Mwenye shamba alinijazia glasi, nikamwambia mimi situmii, mnywaji ni rafiki yangu. Nikanusa kwa niaba yako. Unanukia zambarau zilizoiva, na pilipili manga kwa mbali. Ladha yake siijui, Zawadi. Hilo ndilo ulilotaka kulijua kuliko yote, na nimerudi bila jibu.

Siku ya pili, mchana, mama wa nyumba niliyofikia alisonga ugali wa mahindi ya njano, wao wanauita polenta. Akaumwaga juu ya ubao mpana katikati ya meza, mchuzi wa nyanya juu yake. Hakuna sahani. Kila mtu anaanzia upande wake, anakula akielekea katikati. Nilicheka mpaka wakanishangaa. Nilikuwa nakukumbuka kwako huku Mount Dennis, tukila sinia moja, mkono wako usiojua mpaka ukivuka kuja kuchukua dagaa zangu. Nikapiga picha ubao ule, nikakuandikia: "Huku wangekufukuza mezani." Nikatuma, nikangoja tiki zigeuke buluu.

Hazijageuka mpaka leo. Kesho yake Grace wako alinipigia. Yule mtoto anayetujibu Kiingereza siku zote, siku ile aliniita shangazi kwa Kifaransa chenu, mengine akasema Kiswahili: "Tantine, Mama amekufa."

Nikawahi ndege, nikakukuta sandukuni, umevishwa kitenge cha kijani. Baada ya maziko tulikuwa jikoni tukiosha vikombe, Grace akaniambia kwamba daktari alikueleza yote kabla sijafunga begi. Ulijua. Ukalala pale kitandani na mpira wa hewa puani, ukaniambia kwa Kiswahili chenu cha kuchanganya Kifaransa: "Wende tu, dada. Miye niko bien. Utakuya kuniambia byote." Na mtoto ukamwonya asifungue mdomo.

Nani alikupa ruhusa ya kuamua hivyo? Kazi yetu ndiyo hiyo, shoga. Nimewashika mikono wazee wa watu, wasiojua hata jina langu, mpaka pumzi ya mwisho. Mkono wako ukaninyima.

Sasa basi la alfajiri nalipanda peke yangu. Zamu zako wamempa msichana mpole, hana kosa lolote, na mimi simpendi.

Kwetu Tanga msafiri huomba radhi kwa anaowaacha. Ndiyo maana siku ile pale kitandani nilikuomba radhi, ukacheka, ukasema umenisamehe hata chumvi ninayozidisha kwenye mchuzi. Wewe sikukupa yako. Anayebaki hasubiri radhi ya msafiri, na mimi nilidhani msafiri ni mimi.

Lala salama, Zawadi. Jumapili nitakuwa namngoja Grace mlangoni mwa kanisa lenu, tuje tule pamoja, na nitamsemesha Kiswahili hata anijibu kwa lugha gani. Hiyo ni ahadi. Na radhi yangu nakupa sasa, yote, pamoja na ya hili la kunifukuza kitandani pako. Imechelewa. Ipokee hivyo hivyo.

Shoga yako,
Mwanaidi