Mmea Ambao Danieli Aliumwagia Maji

Buxton, Mombasa

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini baridi ya huko Taita imeyaachilia magoti yako, na kikohozi cha Baba kimepungua. Sisi tunapumua, zaidi ya hapo sijui niseme nini.

Kwenye simu nilikwambia tu kwamba mtoto ametutoka, nikakata. Sikuweza kuendelea. Aliishi siku tatu, Mama. Alikuwa na kucha ndefu, za kushangaza.

Wenzangu wa ofisini kule bandarini walikuja kunipa pole, wakaniletea mmea kwenye kikopo: majani manene kama ya mshubiri, ila madogo, yamejipanga kama ua. Ulikuwa wa kijani. Niliuweka dirishani nikausahau. Wiki mbili baadaye ncha zikawa nyekundu. Mume wangu Danieli akashtuka.

"Unaungua huu," alisema. Akautoa juani, akauweka nyuma ya pazia, na kila asubuhi kabla ya kwenda kazini akawa anaumwagia maji. Wekundu ukaisha kweli. Kisha majani ya chini yakageuka manjano, yakalainika, ukiyagusa yanapasuka kama malengelenge.

Jumamosi niliubeba hadi Mji wa Kale, kwa Bi Salha, mama anayeuza miche karibu na Ngome. Akabonyeza jani moja.

"Ulipata wekundu kabla ya haya?"

"Ndiyo. Tukadhani ni ugonjwa."

"La, mwanangu. Ule wekundu ni kujikinga na jua, ungekaa nao miaka. Lakini manjano hii, na ulaini huu, ni maji." Akakata shina atafute palipo pazima. Lilikuwa jeusi hadi kileleni. "Umeoza wote. Ni nani alokuwa akiupenda hivi?"

Nilirudi nimefura. Danieli alikuwa jikoni. Nikamwekea kikopo mbele yake, nikamwambia neno ambalo nitalijuta maisha yangu yote: "Hata mmea nao umeuua."

Alikipakata kile kikopo, akawa anafuta udongo ukingoni kwa kidole.

"Kule wodini walinikataza nisimguse," alisema. "Walisema naweza kumwambukiza. Siku tatu nilisimama nje ya kioo. Huu hakuna aliyenikataza."

Mama, sikujua. Mimi nilimpakata, nilimnyonyesha mara mbili. Nilidhani nilipokuwa nimelala, yeye pia alipewa mtoto ampakate. Sikuwahi hata kumuuliza. Nilipiga magoti pale sakafuni nikamwomba msamaha, naye akawa ananiambia nyamaza, nyamaza, huku yeye mwenyewe analia.

Nisalimie Baba, na dada Wakesho na mumewe, na mke wa mchungaji kwa maombi yake. Najua Nyanya hamjamwambia, na bado anafuma ile kofia ya mtoto. Mwambieni sasa. Lakini asiifumue, Mama. Aimalize, mtutumie. Danieli ameiomba.

Mwanao,
Mghoi