Taa Niliyoizima Mchana

Eldoret, ng'ambo ya mto Sosiani

Kwa Mama yangu,

Salamu nyingi zikufikie wewe, na Rasoa mke wangu, na kila anayelala chini ya paa lako. Mguu wako unaendeleaje? Mahindi yamepaliliwa? Watu wakiandika barua husema, mimi mzima, hofu ni kwako. Wanaandika kwa mazoea tu. Mimi leo ninaogopa kweli, Mama, na mkono unatoa jasho mpaka wino unaenea.

Mwalimu wa misheni, wewe unayemsomea mama barua hii, nakuomba usiruke neno hata pale utakapokasirika. Nakujua.

Nilikwambia niliacha kazi kwa yule Kaburu wa Sugoi. Sasa ni mpishi kwa Wayahudi. Ndiyo, Mama, Wayahudi wa Biblia, wa Musa na Ibrahimu. Mimi nilidhani waliishia mle Kitabuni. Kumbe wapo, wana duka la mabati na misumari mjini, na nyumba huku ng'ambo ya mto. Asubuhi Bwana hujifunga ukanda mweusi wa ngozi mkononi na kichwani, akageukia upande wa milima ya Cherangani, kwa kuwa Yerusalemu iko huko, akaomba. Hapo hata maziwa yakimwagika jikoni huwezi kumwita. Anayenitawala hasa ni Mama Mzee, mama yake Bwana, mjane kama wewe.

Siku moja nikimenya viazi aliniuliza nilimpataje Rasoa. Nikamweleza jinsi Mjomba alivyokwenda kwao mara tatu, na mara mbili akafukuzwa na mbwa. Alicheka mpaka akafuta macho. Akasema mafundisho ya kwao ni kwamba siku arobaini kabla mtoto hajaumbwa tumboni, sauti huita huko juu: binti wa fulani ni wa fulani. "Wewe na bibi yako naitwa zamani," akasema kwa Kiswahili chake cha jikoni. "Lakini kukutanisha watu mbili iko ngumu. Ngumu kama Mungu napasua bahari." Siku ile nilifurahi. Sasa maneno hayo hayo yananinyima usingizi, maana kama Rasoa aliitwa kwa ajili yangu, basi akinifia hakuna mwingine aliyeitwa.

Sasa nikwambie nililolifanya.

Wiki tatu zilizopita, jioni, Mama Mzee aliwasha taa ndogo ya mafuta ndani ya glasi, akaiweka juu ya kabati la vyombo. Sikuuliza. Asubuhi Bwana akaenda mjini kutafuta wanaume kumi, kwa sababu kuna sala kwao haisaliwi mpaka watimie kumi, na Wayahudi hapa ni wachache, wengine huitwa kutoka mashambani. Saa tatu nikapita na ufagio. Jua limeingia mpaka mezani, na taa ile bado inawaka. Unakumbuka yule Kaburu alivyonichapa kiboko kwa kuacha taa ikiwaka mchana. Mkono wangu ulikuwa umezoea kuogopa. Nikaipuliza.

Sikumaliza kufagia. Memsahib, mke wa Bwana, alianguka chumbani, na mimba yake ilikuwa imebakiza mwezi mzima. Mama Mzee aliniita nipeleke maji ya moto, na nilipofika niliona damu kwenye shuka. Mchunga farasi akatumwa kwa daktari. Akarudi akisema mvua ya usiku imejaza Sosiani, maji yamefunika daraja, hakuna kupita.

Saa sita Mama Mzee alitoka kuchukua vitambaa, akaiona taa. Akasimama.

"Nani nazima?"

"Upepo," nikasema. Hakukuwa na dirisha hata moja lililo wazi, Mama.

Akaniambia taratibu kwamba siku kama ya leo ndiyo aliyokufa Bwana Mzee, mume wake. Taa ile ni ya roho yake, huwaka tangu jioni mpaka jua la kesho lizame, na wale watu kumi walitafutwa kwa ajili ya sala yake. Halafu akarudi chumbani. Nikakaa chini jikoni karibu na kuni. Nilijiambia nimeipuliza roho ya mwenye nyumba, na sasa amekuja kuchukua mtoto. Nilipofumba macho aliyekuwa kwenye ile shuka hakuwa Memsahib. Alikuwa Rasoa, na mimba yake.

Saa tisa Memsahib alikuwa hana nguvu hata ya kulia. Mama Mzee akatoka, nywele zimefumuka, akaniamuru nifungue kila kitu ndani ya nyumba. Ndiyo desturi yao mwanamke akishindwa kuzaa. Nikafungua milango, madirisha, makabati, masanduku, hata debe la unga. Nikafungua mafundo ya mapazia, kamba za viatu vya Bwana, na aproni yangu mwenyewe. Alinifuata nyuma akitazama.

"Imebaki nini? Nini bado nafungwa?"

Nikatazama huku na huku. Kilichobaki kilikuwa mdomo wangu.

"Ni mimi niliyezima, Mama Mzee. Si upepo."

Nilingoja kofi. Aliniuliza kwa nini, nikamweleza habari ya kiboko. Akatoa kibiriti mfukoni. "Washa," akasema. Njiti tatu zilikufa mkononi mwangu, ya nne ikashika. "Mume yangu si mtu ya kukimbia pumzi ya mpishi. Sasa omba." Nikamuuliza niombe ya kwao au ya kwetu. "Omba ile unajua. Upesi." Nikaomba Baba Yetu, na mimi mpishi nikasahau mkate wa kila siku.

Daktari na Bwana walivuka saa kumi na moja, wamelowa mpaka kifuani. Mtoto alitoka jua likizama, mwanamume, mdogo kama kuku aliyenyonyolewa. Alikaa kimya kwanza, ndipo akalia. Wao hutahiri siku ya nane, hawangoji kama sisi mpaka kijana awe na akili ya kuogopa. Lakini huyu alikuwa dhaifu, wakasubiri mpaka jana. Hapo ndipo hupewa jina. Nilikuwa mlangoni nimeshika sinia, nikasikia wakimwita jina la Bwana Mzee, yule yule wa taa. Mama Mzee akaniambia mtoto kwao huitwa jina la mtu wa ukoo aliyekufa, asisahauliwe. Sinia iliniponyoka.

Ulisema hivyo hivyo, Mama. Yule wetu wa kwanza alipolia mchana na usiku, ulisema analilia jina la babu yake, mwiteni atanyamaza. Nami nikasimama mbele ya watu na shati langu la misheni, nikasema hayo ni mambo ya giza, mtoto ni Elisha. Alilia wiki tano, tukamzika. Najua Mwalimu atasema ilikuwa homa, na huenda ilikuwa homa. Lakini wewe ulinyamaza, na hujanilaumu hata leo, na hilo ndilo linanitisha zaidi. Baba pia nilimpuliza, mchana, watu wakitazama.

Mwezi wa Rasoa kujifungua ndio huu. Bwana hanipi ruhusa mpaka Memsahib apone, na nikiondoka bila ruhusa nitakamatwa njiani kwa kuwa kipande changu cha kazi hakijatiwa sahihi. Sitafika. Kwa hiyo saa ikifika fungua kila kitu, mlango, mtungi, hata kamba ya mbuzi. Usimwache aende mtoni peke yake. Mtoto akilia, mpe jina, usiningoje, wala usingoje ubatizo.

Nisalimie Mjomba, mshenga wangu aliyekimbizwa na mbwa. Nisalimie dada yangu, na yule jirani mkunga, umsihi asisafiri mwezi huu. Rasoa mwambie naomba kila siku ile ninayoijua, na mkate siusahau tena.

Nawe Mwalimu, salamu kwa heshima. Mstari unaofuata hutaki kuusoma. Usome kwa sauti, Rasoa ausikie.

Akiwa msichana aitwe Kageha, kama marehemu nyanya yangu. Akiwa mvulana aitwe jina la baba yangu, ambalo sijalitaja tangu tulipomzika Elisha, na leo natia sahihi kwalo.

Mwanao,
Zakayo, mwana wa Kisia