Karatasi ya Kijani Chumbani kwa Baba

Røros, 9 Novemba

Kaka yangu Eivind,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini wewe, wifi na watoto hamjambo, na baridi ya Tromsø haijawashinda. Sisi huku wazima. Na nikisema sisi, na baba yumo. Nimeona niandike, maana kwenye simu ningelia tu.

Unajua alivyokonda tangu tumzike mama. Tumbo lilimsokota, vidole vikamfa ganzi, chakula hakitaki. Daktari akasema ni majonzi, nasi tukakubali. Nilipokuja Septemba nikamkuta amehamia kile chumba cha juu alichokuwa akishonea mama, chenye karatasi ya ukutani ya kijani, nzee kuliko babu. Paa linavuja, ukuta umelowa, chumba kinanuka kama kitunguu saumu.

Kaka, unajua kazi yangu ni kuchunguza karatasi za namna hiyo kwenye nyumba za watu. Nikaingiwa na hofu. Nikatoa kisu, nikabandua kipande kama ukucha. Baba akafoka, "We Ragnhild! Umesoma miaka yote hiyo uje kumkwangulia baba yako ukuta?" Nikamwambia nisipomkwangulia yeye nimkwangulie nani.

Maabara ikathibitisha: kijani kile kimetengenezwa kwa aseniki, sumu kali. Ukuta ukilowa, ukungu huila rangi na kutoa hewa yenye sumu inayonuka kama kitunguu saumu, na hiyo ndiyo aliyokuwa akiivuta kila alipolala. Mkojo wake ulipopimwa, sumu ikakutwa. Nikamhamishia sebuleni kwa ugomvi mkubwa. Aliniita askari jela. Lakini wiki hadi wiki rangi ya uso ikamrudia.

Sasa nikwambie kilichonifanya nishike kalamu. Juzi tukinywa kahawa aliniuliza kama ni kweli siku zote hizo kilichomuumiza kilikuwa ni ukuta. Nikasema ndiyo. Akatazama kikombe chake. "Mimi nilidhani mama yenu ananiita," akasema. "Nikaona nisimcheleweshe."

Kumbe alijua anakwisha, Eivind, na kila jioni alipanda mwenyewe na kufunga mlango.

"Kumbe ni karatasi tu," akasema. Akacheka mpaka akakohoa, kisha akalia, nami nikalia naye. Alipojifuta uso akaniagiza nimkatie mkate na jibini la kahawia. "Na usinikatie kipande chembamba cha mgonjwa."

Alikula vitatu.

Njoo Krismasi, kaka. Chumba cha juu kimefungwa, lakini sebuleni tutabanana. Wabusu wifi na watoto kwa niaba yetu.

Mdogo wako akupendaye,
Ragnhild