Laptopu Niliyoinyakua Msibani Kwako

Mtani wangu Maduhu,

Usishangae mwandiko. Ulizoea mimi naropoka, wewe unachapa, na kweli mtu aliyeishia darasa la sita akamalizia masomo Kariakoo na Dubai hana sababu ya kuhangaika na kalamu. Ningemwomba mkeo Minza anichapie, lakini humu kuna mambo yake.

Mwangaluka, kama mnavyoamkiana kwenu. Huku tupo. Tangu Bariadi iwe makao makuu ya mkoa, kila kukicha ofisi mpya, na kila kijana anataka barua ya maombi ya kazi. Yaani umekufa biashara yako ya kuchapa barua ndiyo inanoga. Msukuma gani anaondoka mavuno yakiwa shambani? Yule mama anayeleta samaki kutoka Lamadi akipita dukani kwangu bado anageuza shingo kuitazama meza yako pale kibarazani. Mara ya kwanza aliniuliza, "Yule wa mkono mmoja yuko wapi?" Nikamwambia umesafiri. Lile neno jingine halikutoka. Mimi, Kondo, niliyewahi kumuuzia mvuvi samaki wake mwenyewe.

Nakumbuka tulivyokwenda Mwanza kukutafutia ile laptopu. Mashine ya kuchambua pamba ilikuwa imekula mkono wako wa kushoto, ukaamua kujifunza kuchapa, na mimi nikajitolea kukuongoza, maana vitu vya umeme nimeviuza tangu enzi za ruksa, bidhaa za nje zilipoanza kumwagika, watu wakipanga mstari kuishangaa redio kaseti. Mle dukani nikaanza kumwaga Kiingereza changu: ramu, prosesa, gigabaiti. Muuzaji, kijana mwenye tai, naye akamwaga chake.  Wewe ukasema tu, "Ziweke mezani, zote zikiwa zimefungwa."

Ukawa unazipitia moja moja. Unaweka kidole gumba kwenye ukingo wa kifuniko, unasukuma juu. Mashine nzima inainuka, kifuniko na kitako pamoja, imebana midomo kama mtoto anayekataa dawa. "Hii hapana." Nyingine. "Hii hapana." Nilitamani ardhi inimeze. Kijana wa tai uvumilivu ukamwisha: "Mzee, unanunua kompyuta au unanunua mlango?" Ukamjibu bila kumtazama, "Mlango. Usipofunguka, hayo magigabaiti yako nitayasalimia dirishani?"

Mpaka ukafika kwenye kale kadogo keusi ambako mimi nilikasukuma pembeni nikidhani ni ka watoto. Betri yake ilikaa upande wa mbele, ikakapa uzito wa kutulia, na bawaba yake ilikuwa laini. Ukasukuma. Kifuniko kikapanda peke yake, kitako kikabaki mezani kama ng'ombe aliyekwisha kunywa maji. Ukatandaza vidole juu ya kibodi, gumba upande huu, kile kidogo karibu kifike upande wa pili. Kibodi ambayo kila mteja aliisema ni finyu, kwako ilikuwa saizi. Ukacheka. Sikuwa nimekuona ukicheka tangu mkono ule.

Na ile siku ya Shift? Herufi kubwa ilikuwa inakutesa, maana inataka vidole viwili kwa mpigo, ukaishindilia Shift kwa hasira mara nyingi mfululizo, kikaruka kisanduku kwenye kioo. Mimi mtaalamu nikasema hao ni virusi, zima haraka. Wewe ukakisoma polepole, kamusi pembeni. "Mtani, inaniuliza kama nataka Shift inisubiri." Ukakubali. Toka siku hiyo ukawa unaigusa, unaiachia, unakwenda zako kuifuata herufi, nayo inangoja. Ukasema, "Kumbe huko wanakozitengeneza kuna mtu alinifikiria." 

Halafu presha ikakuangusha mnadani Mwandoya, begi la laptopu likiwa begani. Wanasema uliangukia ubavu wa pili, begi likabaki juu, lisiumie. Sijui kama ni kweli. Nimeamua kuamini.

Nikaja kijijini kwenu Lingeka kukuzika, na kazi yangu ilijulikana. Ndugu wanalia, mtani anachekesha. Ndivyo Wasukuma na Wazaramo walivyoachiana tangu misafara ya miguu ya kwenda pwani. Nikavaa koti lako, nikauficha mkono wangu wa kushoto ndani ya shati, nikakaa mlangoni na laptopu yako magotini, nikaita kwa sauti yako: "Haya, foleni, foleni. Nani ana barua ya wazee wake huko ahera? Leo naipeleka mwenyewe." Shangazi yako alicheka mpaka akashika ukuta. Nikaweka kidole gumba, nikasukuma. Kikafunguka.

Maduhu. Kila asubuhi nilikuona ukifanya vile, nikinywa chai yangu. Sikuwahi kufanya mimi, kwa mkono mmoja, mwingine umefungwa.  Nikakohoa, nikasingizia vumbi.

Ndipo mdogo wako Ngasa akasimama mbele ya wazee akasema kifaa cha mwanamume kinarudi kwa wanaume wa ukoo, kwa hiyo laptopu ile ni yake. Ngasa, ambaye hata kuiwasha hajui. Alikuwa na mtu wake wa kumuuzia, kila mtu alijua. Nikamtazama Minza. Ameinama, kitenge kimemfunika mpaka puani. Siku zote ulipokuwa pale kibarazani, alikaa ubavuni kwako akijifunza kuchapa. Bila ile mashine angerudi kuchuma pamba za watu, na watoto wako wangeacha shule.  Mjane siku ile hana mdomo. Mdomo nilikuwa nao mimi.

Nikaifunga, nikaikumbatia, nikatoka nayo mbio kulizunguka zizi huku naimba, "Mtani kanyakua, mtani kanyakua." Ngasa akanifuata amekunja ngumi. Baba yenu mkubwa akamzuia kwa fimbo. "Kaa chini. Mtani akinyakua msibani hakasirikiwi. Kama unaitaka, ikomboe." Wakaniuliza nataka nini. Walitegemea niseme jogoo, au kreti la soda. Nikawaambia, "Nileteeni mkono wake wa kushoto."

 Baba mkubwa akaanza kucheka, kicheko kikavu cha mzee, machozi yanamshuka, na watu wote wakamfuata, wengine wanacheka, wengine wanalia, huwezi kuwatenganisha. Ngasa akakaa; fidia ile hakuna wa kuilipa. Nikaenda kuiweka mapajani kwa Minza, nikasema mtani amechoka kubeba. Halafu nikapita nyuma ya zizi, nikalia hadi mbavu zikauma. Walioniona ni ng'ombe tu, na wale hawajui Kiswahili.

Siku hizi zinakuja laptopu nyembamba kama chapati. Betri imefungiwa ndani, hata fundi anaiogopa. Pale pa kupapasia mshale hapana tena vitufe, pote pamekuwa laini, unabonyeza kwa imani. Nikienda kuchukua mzigo Kariakoo, kabla ya kuuliza bei najaribu kila moja kwa kidole gumba. Nyingi zinainuka nzima. Wauzaji wanaona Kondo amechanganyikiwa.

Sasa lile lililonishikisha kalamu. Minza alianza kulalamika kwamba Shift inamsumbua. Yeye ana mikono miwili; akiigusa kwa bahati mbaya inabaki inangoja, barua za watu zinatoka na herufi kubwa katikati ya jina. Akaniomba niizime. Nikasema nina wateja. Akaniomba tena, nikamwambia mashine itaharibika. Uongo mtupu. Niliona kama ndiyo iliyobaki ya kwako mle ndani, inangoja vidole vyako.

Jana mteja akamrudishia barua amenuna. Minza akanigeukia, taratibu, bila ugomvi: "Shemeji, ulimnyang'anya Ngasa ili unipe mimi, au ulinipa nimtunzie marehemu?"

Nikavuta kiti. Nikaizima. Ni alama moja tu, Maduhu, unaiondoa, unabonyeza sawa, basi. Nilitegemea kitu kikubwa zaidi kitokee. Minza akavuta pumzi, akarudi kuchapa kwa mikono yote miwili, upesi kuliko ulivyowahi kuchapa wewe, na usinune, ni kweli. Barua ikatoka safi. Mteja akaondoka anasema wabeja, asante yenu ile. Mimi nikaingia ndani ya duka nikajifanya natafuta waya.

Pumzika, mla michembe wangu, mla viazi vikavu. Nakuahidi hivi: Ngasa hataigusa. Na siku itakapochakaa kabisa, Minza ndiye atakayechagua nyingine, anavyotaka yeye, kubwa ikibidi, nyekundu ikibidi. Mimi nitambebea begi, nitanyamaza. Kunyamaza, umesikia? Waulize wote wanaonijua walioko huko, watakwambia sijawahi kumwahidi mtu kitu kizito namna hiyo.

Ni mimi mtani wako, niliyekuchekesha ukiwa hai na nikashindwa kukuamsha,
Kondo