Neno Nililomficha Daktari

Mpendwa mama,

Leo mjukuu wako Salma alijitupa sakafuni kwa hasira, nikamkemea, "Acha kugaagaa!" Akaniuliza kwa Kiarabu neno hilo maana yake nini. Nikaingia chumbani kwako kukuandikia.

Ulilirithi kwa Bibi kule Unguja. Yeye alilisema kwa punda wake, akishatuliwa mizigo akajibiringisha mchangani. Hapa Bawshar, huku Uarabuni, hukuwa na punda, ukalielekeza kwetu sisi wanao. Kila Ijumaa asubuhi ulisimama mlangoni na mwiko: "Mtagaagaa mpaka lini, nyie punda wa Bibi? Mkate wa kumimina unapoa!" Tulicheka, tukazidi kujibiringisha makusudi.

Halafu siku ile. Nilikuahidi kufika saa nne, nikapitia kwanza kunywa kahawa na wenzangu. Soga zikanoga, simu imo mkobani. Nilikukuta alasiri kwenye marumaru ya choo, umelala ubavu, nguo zimelowa.

Hospitalini daktari aliuliza umekaa chini muda gani. Nikakugeuzia swali kwa Kiswahili, kama nilivyozoea kukutafsiria kila mahali. Ukasema, "Nligaagaa tangu dhuha, mwanangu. Nlijigeuza huku, nkajigeuza huku, nsiweze kuinuka."

Nikamgeukia daktari nikamwambia, "Nusu saa."

Niliona haya, mama. Nilichelea atanifikiria mtoto wa namna gani.

Siku ya nne figo zako zikagoma, na ya saba tukakuzika. Baadaye nilisoma kwamba misuli iliyolaliwa saa nyingi huharibu figo. Sijui kama saa zile, lau ningezitaja, zingekuokoa. Sijathubutu kumuuliza mtu.

Na kuna hili linaloninyima raha zaidi. Kiarabu ulikuwa unakisikia. Miaka yote ile ya redio jikoni! Kukisema tu ndiko ulikokuonea haya. Kwa hiyo nusu saa yangu uliisikia. Ukanitazama, ukanyoosha mkono ukanirekebishia mtandio uliokuwa umeteleza, ukasema, "Hujala tangu asubuhi wewe. Nenda kale." Na mimi nikaenda, nikala.

Salma ataniuliza tena kesho, namjua. Nitamweleza habari za punda na za Ijumaa, atacheka. Akishakua nitamwambia na iliyobaki: bibi yako aligaagaa peke yake tangu dhuha hadi alasiri, na mama yako alikuwa akinywa kahawa.

Lala salama, mama. Nisamehe.

Mwanao uliyemsitiri