Dada Sifa, Wamekusimulia Vibaya

Dada Sifa,

Nilikusudia kukuandikia kwa upole. Nimeshindwa. Nina hasira, na wewe ndiye niliyezoea kumpelekea hasira zangu, basi zipokee huko uliko, hata kama wanasema huko watu hawakasiriki.

Jumamosi iliyopita tulimaliza matanga yako. Ukumbi wa kanisa ulijaa, walikuja hadi watu wa Burnsville. Kina mama walipika sombe, kisamvu chenu, na ugali wa muhogo, kwaya ikaimba, tukalia tukanyamaza. Hadi hapo sina neno. Kisha mchungaji akasema kwa kuwa marehemu alipenda sana sinema za Kihindi, tutaangalia moja kwa heshima yake, ile ya wanawake wa safari ambayo hukuwahi kutuonyesha. Nikafurahi, nikajiuliza tu nani atasimulia. Shemeji yako, Shemasi Wilondja, akainuka akashika kipaza sauti.

Wilondja! Yule aliyekuwa akipita sebuleni kwako Jumamosi amejifunika uso kwa kofia, eti sinema za wanawake wanaozurura zinabomoa nyumba za watu.

Acha nikukumbushe tulivyokuwa tukifanya, maana pale ukumbini niliona kama watu wamesahau ghafla. Jumamosi mchana, kwako St. Louis Park, mabuti ya theluji yamerundikana mlangoni, kina mama wamejaa kwenye zulia. Diski tumeiazima maktaba. Wahindi wanasema Kihindi chao, maandishi ya Kiingereza yanapita chini ya picha. Kiingereza cha kusema ulikimudu, cha kusoma kilikuwa kinakukimbia, basi mimi nakaa nyuma ya sikio lako nakunong'oneza kwa Kiswahili changu cha Morogoro, ulichokiita Kiswahili cha taarifa ya habari. Wewe unakipokea na kukirusha sebuleni kwa Kiswahili cha Uvira, na sauti zote unatoa wewe: mama mkwe, polisi, hadi mbuzi aliyeziba barabara. Milima ya Wahindi ulishaihamishia kwenu. "Voilà, bamama, sasa wamefika kona za Ngomo, mushike viti!" Na Mama Mapendo na uzee wake wote anashika kiti kweli.

Uliniambia kazi hiyo uliijifunzia kwenye kambi ya wakimbizi Kigoma, nje ya banda la video, kwa sababu wanawake hawakuruhusiwa kuingia. Umesimama nyuma ya turubai, humwoni mtu, unamsikia mwanamume mwenye kipaza sauti akiwasimulia wenzake. Mwanamke wa Kihindi akilia, yeye anasema anamlilia mumewe. Ukajua anadanganya. Ulisema mtu hahitaji kujua Kihindi kutofautisha mwanamke anayebembeleza na mwanamke aliyechoka. Ndiyo maana uliongeza mambo yako chungu nzima kwenye zile sinema, na mimi niliyekuwa naona maandishi nilikuwa nacheka peke yangu, lakini hata siku moja hukumgeuzia mwanamke alichokitaka. Akisema anaondoka, ulisema anaondoka.

Tulianza na za mapenzi kama watu wote. Za safari ulizileta wewe, ukatuambukiza. Wanawake wanaingia garini, wanafunga milango, wanakwenda. Kumbe na hizo ulikuwa na ugomvi nazo! Unakumbuka ulivyosimamisha diski kwa ajili ya yule karani wa hoteli aliyewauliza wale wasichana, mko na nani? "Na nani tena? Hawaoni? Wako na wao wenyewe!" Ukasema mwanamume kwenye sinema anawasha gari tu na kuondoka, hakuna anayemuuliza kitu. Mwanamke anaulizwa na mume, na polisi, na karani, na muuza chai. Na ulichukia sana kwamba lazima pawe na msiba kwanza. Mume kafa, au mama kafa, au harusi imevunjika, ndipo wanawake wanapata njia. "Mpaka afe mtu ndiyo wapewe gari?"

Sasa tazama, dada. Tazama ulichotufanyia.

Maana safari tulikuwa nayo, na hakuna aliyekuwa amekufa. Ulishasema shule zikifungwa tunapanda gari lako la kijivu, lile la milango ya kusukuma, tunashika barabara ya 35 kaskazini mpaka Duluth, kuliona ziwa lisiloonekana ng'ambo. Wewe utaendesha, mwanao Neema atakupokea ukichoka. Kina mama walishaanza kubishana nani atakaa dirishani. Mama Mapendo, ambaye tangu afike nchi hii hajaenda popote ila kliniki, kanisani na kwako, alinunua miwani ya jua akawa anaivaa ndani ya nyumba.

Kisha presha ikakuangusha kazini, kwenye chumba cha kufulia cha hoteli, katikati ya mashuka ya watu. Wenzako wa kazini walisema kichwa kilikuuma tangu asubuhi na hukumwambia mtu. Hilo nalo limenikasirisha, na sijui nimkasirikie nani zaidi yako. Ulikuwa mwepesi wa kusema ya kila mtu kwenye sinema, ya kwako ukayafungia mdomo.

Kesho yake baada ya mazishi Wilondja akachukua ufunguo wa gari. Kwa usalama, alisema. Akalipeleka kwake Oakdale, akaliegesha chini ya dirisha lake, na baada ya wiki akawa anakwenda nalo kazini. Gari ulilolinunua kwa mikono yako, mumeo akiwa ameshazikwa Kigoma miaka mingi kabla! Neema alimfuata akamwambia, kwa Kiingereza kama kawaida yake, kwamba lile ni gari la mama yake. Akajibiwa kwamba mtoto hasemi mambo ya ukoo, na ile safari ya bamama imekufa na mama yake, waiache ipumzike. Neema ana leseni, ana kazi, ana chuo. Lakini ni mtoto.

Basi huyo ndiye aliyeshika kipaza sauti Jumamosi.

Sinema yenyewe ungeipenda. Mama mkwe, mke wa mwanawe na mpishi wao wanachukua teksi kuukuu iliyoachwa na mzee wa nyumba, wanakwenda kuiona bahari. Wilondja hasomi maandishi, hana hata habari nayo. Anatazama picha anajitungia. Mpishi akicheka, anasema anaona aibu. Mama mkwe akiimba, anasema anaomba toba. Nilikaa nikajishika mikono. Nilijiambia ni msiba, mimi ni Mtanzania katikati ya Wakongomani, heshima kitu cha bure.

Wakafika kwenye kibanda cha chai, simu ikalia. Ni mume. Yule mke wa mwana akasikiliza kwa muda mrefu, halafu akasema maneno machache, na maandishi yakapita hapo chini, meupe kabisa: "Sirudi. Na mama yako harudi. Tukifika tutakupigia."

Wilondja akasema: "Anasema, bwana yangu nisamehe, Shetani alinidanganya, ninarudi kwa nyumba."

Kina mama wakaguna. Yeye akasimamisha picha, akatugeukia. "Na shemeji yangu Sifa alikuwa hivyo. Mwanamke wa nyumba. Hakupenda kutembea-tembea."

Dada, niliona giza. Hakupenda kutembea! Wewe uliyevuka Ziwa Tanganyika na Neema mgongoni, uliyejifunza kuendesha gari juu ya barafu wakati wanaume wa jumuiya walikuwa bado wanangoja lifti, uliyekuwa ukiwapitia wenzako wa zamu mmoja mmoja asubuhi hakujapambazuka. Wiki hiyo hiyo anakwenda kazini na gari lako, anasimama mbele yetu anasema ulipenda kukaa. Nilisikia yule mwanamume wa banda la video. Nilimsikia kabisa, amekufuata mpaka Minnesota, na safari hii hukuwa nje ya turubai kumtukana kimoyomoyo.

Nikasimama. Nikasema, "Si hivyo, Shemasi. Imeandikwa, sirudi."

Akanijibu kwa upole ule wake wa kanisani, "Dada, weye ni mgeni kwetu. Kaa."

Ungemsikia Mama Mapendo! Hakuinuka hata kidogo. "Muache asome. Huyu alikuwa macho ya Sifa. Weye unasoma na nini?"

Kipaza sauti hakunipa. Sikukihitaji. Nilisogea mbele ya pazia la picha nikairudisha sinema pale kwenye simu, nikaisoma kwa sauti yangu hii hii, mpaka mwisho. Sauti za watu zilinishinda, usinicheke. Polisi wangu alikuwa mtangazaji, mama mkwe alikuwa mtangazaji, hata mbwa alibweka kama mtangazaji, na watu walicheka mpaka wengine wakafuta machozi, na mengine hayakuwa ya kicheko. Lakini kila mwanamke alisema alichosema. Mpishi aliyeambiwa anaona aibu kumbe alikuwa anamsimulia mama mkwe jinsi alivyomtilia mume wa nyumba ile chumvi kwenye chai miaka yote. Wakafika baharini. Hapakuwa na mwanamume anayewangoja ufukweni. Waliketi tu, wakala machungwa, ikaisha.

Taa zikawashwa. Na hakuna aliyeinuka.

Sikupanga mimi, nakuapia. Sijui hata kama walipanga wao. Mama Mapendo alinyoosha miguu yake akasema, "Shemeji, tunangoja ufunguo." Wilondja akacheka, akasema atalipeleka jambo hilo kwenye maombi. "Omba, tutangoja," Mama Mapendo akamjibu. Wakakaa. Mmoja akaanza kumsuka mtoto wake, mwingine akavua viatu. Wanaume wakaona aibu wakajifanya wanapanga viti, wakavirundika ukutani, wakarundika, mpaka vikabaki vile tu vilivyokaliwa na kina mama, nao wakasimama kama watu walioachwa na basi. Mchungaji alikuwa anachunguza viatu vyake. Nimeishi na watu hawa miaka yote sikuwahi kuona kukaa kwa namna ile.

Mwishowe Wilondja akaingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo, akauweka mezani pembeni ya sufuria ya sombe, akisema alikuwa anautunza tu. Neema akauchukua, akaufuta mafuta kwa upindo wa gauni, akamwambia asante kwa ile adabu ya watoto wa huku isiyo na shukrani ndani yake.

Wengine wananipongeza, wanasema tumeshinda. Mimi sioni cha kupongezwa. Kwa nini wanawake wazima wakeshee viti kwa ajili ya gari lako mwenyewe? Na neno lile alilolisema juu yako hakulifuta. Hakuna aliyemwambia alifute. Limebaki kwenye masikio ya watoto waliokuwa pale, na wakikua watasema Mama Neema alikuwa mtu wa kukaa nyumbani, na watakuwa wanakusifu! Hilo ndilo linalonichoma. Wangekutukana ningejua la kufanya.

Kwa hiyo naliandika hapa, angalau pawe mahali pamoja. Ulipenda kwenda. Ulipenda kituo cha mafuta, ulipenda kufungua dirisha kwenye baridi tukakupigia kelele, ulipenda kupotea njia na kukataa kwamba umepotea. Ulimpenda mwanao kuliko vyote, na jikoni ulipika vibaya, Mungu anisamehe, lakini ulipika vibaya.

Nakuandikia nikiwa ndani ya gari lako. Tumeegesha mbele ya jengo lako, ni asubuhi, Neema yuko kwenye usukani anarekebisha vioo. Kina mama wamejaa nyuma, wameshagombana na wameshapatana. Tunamngoja Mama Mapendo, amerudi juu kutafuta ile miwani. Kila mmoja alikataa kukaa mbele. Walisema kiti hiki ni chako, mpaka Neema akasema auntie ndiye anayesoma, akae yeye. Nimekaa. Sijazoea kuona barabara bila bega lako mbele yangu.

Hutakuwepo, dada, na hakuna sinema itakayonidanganya kwamba upo. Sitaangalia mawingu nikasema ndiwe. Umekufa, na mimi nimekukasirikia, na nimekumiss kiasi kwamba jana nimeazima diski nikajikuta nanong'onezea kiti kitupu.

Lakini nakuahidi hivi. Jumamosi zitaendelea, kwako, Neema amekubali. Nitajifunza sauti, hata ya mbuzi. Nitaongeza chumvi kama ulivyoongeza. Ila mwanamke akisema sirudi, kwa kinywa changu hatarudi, awe wa kwenye diski au wewe. Na mtu yeyote akisimama tena kukusimulia vibaya, awe shemasi, awe askofu, nitasimama hapo hapo nimpinge. Pumzika, dada yangu. Nikiweza nitapunguza hasira, lakini si leo.

Mama Mapendo ametoka, miwani anayo. Mlango umesukumwa ukafungwa. Neema amewasha gari. Bango la kwanza naliona kutoka hapa nilipo, limeandikwa kaskazini, na huko nyuma wote wananingoja niwasomee.

Mdogo wako,
Rehema